Madondo ya Dani Yanahitaji Maabara, si Kelele Zenu

Wiki jana niliposti video ya dani wangu akichambua maharagwe kwenye ungo, hapa kwetu Sindo. Chini yake nikaandika kwamba natamani wanasayansi wamtengenezee mbegu bora. Video ya sekunde arobaini tu. Kufikia jioni nilikuwa nimeitwa kibaraka, nimeitwa wakala wa wazungu, na msee mmoja wa Nairobi, ambaye nina hakika hajawahi kushika jembe, akaniambia nataka kumlisha nyanya yangu sumu. Sawa. Nimenyamaza siku saba. Leo naongea.

Kwanza mjue shamba lenyewe. Wengi wenu mnaijua Sindo kwa omena, ukitoka Mbita ukishika barabara ya kando ya ziwa. Juu kule Gwassi kuna baridi kidogo na maharagwe yanajibu. Huku chini ufukweni ni joto, mchana joto, usiku joto. Na haragwe lina maringo. Usiku ukizidi nyuzi 20 hivi, chavua ndani ya ua inaharibika, ua linaanguka, na unabaki na majani mazuri sana ya kupiga picha. Dani haiti hiyo mabadiliko ya tabianchi. Yeye husema tu kwamba zamani maharagwe yalikuwa yanashika, siku hizi yanatoa maua ya kumdanganya.

Sasa wewe uliyeandika "turudi kwa mbegu za asili", niambie: mbegu gani ya asili? Haragwe la kawaida si la huku. Babu zake walifugwa na wakulima mara mbili, mara moja upande wa Mexico na mara nyingine kwenye milima ya Andes, na huku kwetu likaja baadaye sana, baada ya meli za Wareno kuanza kuzunguka. Kama unataka cha Kiafrika kabisa, hiyo ni kunde, na hata kunde jinomu yake ilishasomwa na kuchapishwa 2019. Rosecoco unayoiita ya kienyeji ni kazi ya watafiti wa serikali pale Thika. Ile ya GLP 2, ndiyo. Ulikuwa unakula sayansi tangu shule ya msingi na hukulalamika, ulilalamika tu kuhusu wadudu kwenye sufuria.

Na hapa ndipo wengi mnachanganya mambo. Mnasikia neno "jeni" mnaona sindano. Wacha nielezee kwa lugha mnayoielewa, lugha ya beti. Zamani mtafiti alichanganya haragwe A na haragwe B, akapanda watoto mamia, akangoja yakue, yatoe maua, yapigwe na ugonjwa, ndipo ajue nani ameshinda. Hiyo ni kuweka mkeka na kungoja dakika tisini, msimu baada ya msimu, miaka kumi imeenda. Mwaka 2014 jinomu ya haragwe ilichapishwa, jeni elfu 27 hivi. Tangu hapo mtafiti anaweza kukata kipande kidogo cha jani la mche wa wiki mbili, asome DNA yake, na ajue kama umebeba alama ya kukinga ugonjwa fulani. Usiobeba unatupwa. Hakuna kitu kimeingizwa. Ni ndoa ileile ya ua na ua, isipokuwa sasa unasoma matokeo kabla ya mechi.

GMO ni hadithi nyingine, na sitaificha. Nigeria iliidhinisha 2019 kunde iliyowekewa jeni ya bakteria ili kiwavi anayetoboa maganda afe. Hapa Kenya marufuku ya 2012 iliondolewa na baraza la mawaziri Oktoba 2022, na watu wakakimbia kortini. Huo ni mjadala halali, tuufanye. Lakini Nyota, ile haragwe ya KALRO mliyoniandikia ati ni GMO, si GMO. Imetokana na uchanganyaji wa kawaida. Inaiva haraka kwenye jiko, na ina madini ya chuma na zinki zaidi ya zile tulizozoea. Ukibishana kuhusu GMO kwa kutumia Nyota kama mfano, umeshindwa kabla ya kuanza.

Mnajua kwa nini nashikilia hiyo chuma? Dada yangu alirudi kliniki mwaka uliopita akiambiwa damu iko chini. Wakampa vidonge na ushauri: kula nyama, kula maini. Kwa pesa gani? Kwetu sahani ni ugali, omena ikiwa na bahati, na nyoyo siku nyingi. Sasa Rwanda walifanya hivi: walichukua wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa madini ya chuma, wengine wakala maharagwe ya kawaida, wengine yale yaliyozalishwa yakiwa na chuma nyingi. Siku 128. Kundi la pili hemoglobini ikapanda kuliko la kwanza. Matokeo yalichapishwa 2016. Si dawa, si kirutubisho cha influensa wa mazoezi. Madondo. Yale madondo tuliyoyacheka tukiwa bodi.

Na lile joto lililonianzishia vita? Mwaka 2015 CIAT, kituo cha utafiti chenye makao Kolombia, walitangaza aina 30 hivi za maharagwe zinazovumilia joto, baadhi zikiwa zimezaliwa kwa kuchanganya haragwe la kawaida na binamu yake wa jangwani anayeitwa tepari. Binamu wa jangwani, manze! Huyo ndiye mgeni ninayetaka afike Sindo. Wadudu wa ghalani pia: kwenye maharagwe pori ya Mexico kulipatikana protini iitwayo aselini inayomshinda mdudu mmoja anayependa sehemu za joto. Nyinyi mkisikia protini mnafikiria misuli. Mimi nafikiria dani anavyouza gunia wiki ya mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kwa sababu akingoja miezi miwili atauza unga na mashimo. Halafu Desemba ananunua maharagwe yaleyale dukani, bei imepanda.

Lakini msidhani nimekuja kuwapigia makofi wakubwa. Wao hasira yangu ni kubwa zaidi.

Haragwe hujichavusha lenyewe. Maana yake ukinunua mbegu nzuri mara moja, unaweza kuweka akiba na kupanda tena misimu kadhaa. Mahindi ya chotara hayakubali hivyo, kila mwaka unarudi dukani. Ndiyo maana makampuni yanakimbilia mahindi, na haragwe linaachiwa serikali na wafadhili. Serikali zetu ziliahidi Maputo 2003 kwamba asilimia 10 ya bajeti itaenda kwa kilimo. Zikarudia Malabo 2014. Kenya bado haijafika hapo. Wafadhili nao, mmeona mapema 2025 Marekani ilivyofunga USAID, na maabara za vyuo vyao zilizokuwa zikitafiti mikunde yetu zikakatiwa pesa. Utafiti wa chakula cha dani ulikuwa unategemea uchaguzi wa watu wa Ohio. Hiyo ndiyo aibu, na sikuona hata mmoja wenu wa "mbegu za asili" akiiandika.

Halafu sheria. Kwa miaka mingi sheria yetu ya mbegu ilimtishia mkulima faini ya hadi milioni moja ama kifungo cha miaka miwili kwa kuuza ama kubadilishana mbegu ambayo haijasajiliwa. Dani na jirani yake wakibadilishana kikombe cha maharagwe, wahalifu! Wakulima wadogo walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Hapo nilisherehekea, na sioni mgongano wowote. Nataka DNA ya haragwe isomwe kwenye maabara nzuri kabisa, na nataka likitoka huko dani aligawe kwa kikombe bila kuogopa askari. Anayeniambia nichague moja ana kitu anauza.

Na bado kuna ile ya mwisho, ya aibu ndogo. Msimu wa mvua ndefu uliopita nilinunua pakiti imeandikwa vizuri mbegu bora, duka sitalitaja, si huku hata. Stika ya KEPHIS ile ya kukwangua na kutuma SMS haikuwepo, na mimi na simu yangu ya kisasa sikuangalia. Zilimea kama robo. Dani hakunigombeza, alipanda zake mahali palipobaki wazi, akimumunya tu. Hapo ndipo watu wanajifunza kuichukia sayansi. Mwizi ameweka maharagwe ya sokoni kwenye pakiti, na lawama zinaenda kwa mtafiti aliyekaa miaka kumi shambani.

Icipe wako hapo Mbita, karibu na sisi. Ile kilimo cha sukuma-vuta cha kupigana na kayongo na kiwavi wa mahindi, kwa kutumia desmodiamu ambayo nayo ni jamii ya mikunde, ilikuzwa hapo na sasa inafuatwa nchi nyingi. Kwa hivyo usiniambie sayansi ni kitu cha wazungu.

Sasa msee wa Nairobi, hili ni lako. Tafuta hiyo mbegu yako ya asili isiyoguswa na mtu. Nitumie kilo mbili kabla ya mvua ya Machi, nauli ya gari naweka mimi. Nitapanda mistari miwili yako na mistari miwili ya Nyota, hapa chini karibu na ziwa, udongo mmoja, samadi moja. Dani atasimamia, maana mimi hamniamini. Maua yakianza nawasha kamera kila asubuhi, na siku ya kuvuna tunahesabu maganda laivu. Inbox iko wazi.