Vitabu vya Watoto Vitoke Stoo

Mwezi uliopita, asubuhi moja kwenye kituo cha daladala Mbagala, mama muuza vitumbua alinifungia vyangu kwenye karatasi nene yenye rangi. Nilipomaliza kula nikaikunjua. Fisi alikuwa amekwama kwenye tundu la ukuta wa zizi, tumbo limejaa nyama za wizi, na nje ya ukuta sungura anamcheka. Chini ya mchoro palikuwa na mistari mitatu ya maandishi makubwa, saizi ya mtoto wa darasa la pili. Pembeni, muhuri wa shule ya msingi.

"Mama, karatasi hizi mnazipata wapi?"

"Tunanunua kwa kilo, kaka. Hizi ndizo nzuri, hazipitishi mafuta."

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na kiroba kizima. Vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vingine majalada yake bado yanang'aa, kurasa zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Hakuna mtoto aliyewahi kuvifungua.

Nilikwenda mpaka shuleni. Jina la shule naliacha, kwa sababu shule za namna hiyo ni nyingi na sitaki msomaji ajifariji kwamba si ya kwao. Hakuna aliyekanusha. Vitabu vililetwa miaka iliyopita kama msaada, vikapokewa kwa hotuba na picha za pamoja, kisha vikafungiwa stoo visichakae. Mchwa wakaingia. Stoo ilipohitajika kwa shughuli nyingine, vilivyosalia vikauzwa kwa mnunuzi wa makaratasi. "Watoto wa hapa wangevichana tu," mwalimu mmoja aliniambia, bila haya. Chumba cha pili, watoto walikuwa wakinakili ubaoni maswali ya mitihani ya miaka iliyopita. Mmoja wao nilimwonyesha ule ukurasa wa fisi. Akautazama, akanitazama, akauliza: "Hii inatoka kwenye mtihani?"

Yule mama wa vitumbua sina neno naye. Yeye amepata karatasi, ameitumia. Neno ninalo na sisi wengine.

Sababu za watoto wetu kutosoma tunazijua: vitabu ghali, maktaba mbali, madarasa yamefurika, mtihani ndio mfalme. Tumezisema kwenye warsha mpaka zimechuja. Lakini si umaskini uliotia kufuli kwenye stoo ile. Kufuli lilitiwa na mtu mzima mwenye akili timamu, aliyeamini kwamba kitabu safi kabatini kina thamani zaidi kuliko kitabu kilichochakaa mikononi mwa mtoto. Na sisi wazazi tulikuwa tunapita hapo kila siku, tukiuliza matokeo ya mtihani tu.

Tazameni Januari kwenye maduka ya vitabu. Mzazi ana orodha mkononi: madaftari, kalamu, vitabu vya mazoezi ya mitihani. Mtoto ameokota kitabu chenye picha ya mamba aliyevaa kofia, amekikumbatia. "Hicho cha nini? Rudisha. Tumekuja kununua vya shule." Mtoto anarudisha. Baba huyo huyo jioni utamsikia kijiweni akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Wangependa vipi, mzee? Lini uliwapa cha kupenda?

Nanyi waandishi na wachapishaji msijifiche nyuma ya mlango. Tumechoshwa na hadithi ambamo kila mtoto asiyesikia la mkuu anazama mtoni ukurasa wa nane, na ukurasa wa tisa unaanza maswali ya ufahamu. Hayo ni mahubiri yaliyochorwa picha. Mtoto anayagundua mapema kuliko mnavyodhani, na akishayagundua hukifunga kitabu.

Utamu si pambo la kusoma. Ndio unaomfanya mtoto asome. Mtoto anayeanza kuunganisha silabi anachoka upesi. Kila neno ni kilima. Kitu pekee kitakachomfikisha mwisho wa ukurasa bila kiboko ni hamu ya kujua: fisi atatoka au hatoki? Akiwa na hamu hiyo atasoma kurasa kumi, atasoma ishirini, na huku anasaka mwisho wa hadithi macho yake yanazoea maneno. Watu wazima wa umri wangu wanajua hili kwa mwili wao. Wengi wetu tulipata kasi ya kusoma kwa kugombania gazeti la katuni la SANI, tujue Madenge na Lodi Lofa wamefanya vituko gani toleo hili. Walimu walitunyang'anya wakisema ni upuuzi. Upuuzi ule ulitufundisha kusoma.

Kwa miaka kadhaa watu wa shirika la Twaweza, kupitia utafiti wa Uwezo, walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto, wakakuta kwamba wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kila matokeo yalipotoka tulishika vichwa. Lakini angalieni kipimo chenyewe: hadithi fupi ya Kiswahili. Tunawapima kwa hadithi watoto ambao hatujawahi kuwapa hadithi, halafu tunashangaa.

Wala asitokee mtu akasema Kiswahili hakina vitabu vitamu. Abunuwasi amewachekesha babu zetu kabla hatujazaliwa. Alfu Lela Ulela ipo. Kisiwa chenye Hazina, chenye maharamia na ramani ya siri, kimo katika lugha yetu tangu enzi za mkoloni, na Elisi alifika Nchi ya Ajabu kwa Kiswahili mwaka 1940. Shaaban Robert, ambaye wengi tunamkumbuka kama mzigo wa mtihani, ndiye aliyeandika Adili na Nduguze, kisa cha ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Msimulie mtoto wa miaka kumi mwanzo wake tu, kisha uone kama atakubali ulale. Gado alimchora Abunuwasi katika kitabu cha katuni jijini Nairobi mwaka 1996. Ken Walibora alituachia Ndoto ya Amerika. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia vitabu vya Kiswahili vichapishwe na kusambazwa mashuleni, na Mkuki na Nyota na E & D Vision hapa Dar es Salaam wanaendelea kuchapisha hadithi za watoto. Na mwenye simu ya intaneti anaweza kufungua African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za picha ulioanza 2014, akakuta hadithi za Kiswahili za kusoma bila malipo. Vitabu vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuvitoa vilipo na kuvipeleka kwa mtoto.

Kwa hiyo, ndugu zangu, haya ndiyo ninayoomba tufanye, na tuyafanye pamoja, maana mtu mmoja akiuliza huitwa mkorofi, lakini wazazi arobaini wakiuliza hupangiwa kikao.

Kwanza, tufungue makabati. Nendeni kwenye shule ya mtaa wenu, hata kama mwanao hasomi hapo, mkaombe kwa heshima kuona vitabu vya hadithi. Kama viko stoo, kamati ya shule iitishwe. Msitoke bila jibu la nani ana ufunguo na lini vitaingia darasani. Rafu si lazima. Kamba ya kuanikia ikivutwa kutoka dirisha hadi dirisha, vitabu vikaning'inizwa kwa vibanio vya nguo, darasa limepata maktaba kwa bei ya soda chache, na mtoto anaona majalada badala ya migongo ya vitabu. Vitachanika? Vitachanika, ndiyo. Gundi ipo, uzi upo, na mafundi wa kushona ni watoto wenyewe. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Pili, tujifunze kuchagua. Mwache mtoto ashike kitabu mwenyewe. Aliyechagua mwenyewe haachii njiani. Kama hujui kinamfaa, asome ukurasa mmoja kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikijikunja kabla ya mwisho wa ukurasa, kitabu hicho ni cha wewe kumsomea. Yeye mtafutie chepesi. Nawe usome ukurasa wa kwanza. Ukipiga miayo, usimnunulie mtoto kinachokuchosha wewe. Tafuta kitabu chenye mtundu, mjanja, siri, chakula, mnyama anayesema, hofu kidogo na kicheko kingi. Anapenda mpira? Mpe cha mpira. Anapenda katuni? Mpe katuni na usimwombe radhi mtu yeyote. Na kwa wale mnaodhani kitabu cha kweli ni cha Kiingereza tu: Kiingereza mtoto atajifunza na kitamfaa, lakini kucheka anaanza kwa lugha anayootea ndoto. Mtoto anayetamka vizuri sentensi asiyoielewa hajasoma. Amekariri sauti.

Tatu, kisomwe nyumbani, na watu wote. Robo saa baada ya chakula cha usiku inatosha. Televisheni izimwe, mmoja asome, wengine wasikilize, na fisi apewe sauti ya fisi. Bibi asiyejua herufi ana hadithi kichwani: leo mjukuu amsomee, kesho naye asimulie. Mkimaliza, msiulize maswali. Narudia, wazazi wenzangu: msiulize maswali! Hadithi ikiisha mwacheni mtoto acheke alale. Na watoto watuone na sisi tumeshika kitabu chetu. Mtafuteni mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mtafuteni Willy Gamba wa Elvis Musiba. Mzazi anayemwamuru mtoto asome huku yeye ana simu usoni anajisumbua.

Nne, tuchange kama tunavyojua kuchanga. Taifa hili linajua kadi za michango. Tunachangia kipaimara, kicheni pati, sendofu na harusi, tena kwa ahadi iliyoandikwa na mtu wa kuifuatilia. Basi kamati za sherehe ziandike kwenye kadi: mgeni aje na kitabu kimoja cha hadithi cha mtoto, kiende shule ya jirani. Vikundi vya vikoba navyo vina utaratibu tayari. Wanachama ishirini wakinunua kila mmoja kitabu tofauti, vikazunguka kila siku ya kikao, kila nyumba itapitiwa na vitabu ishirini kwa gharama ya kimoja. Misikiti na makanisa yana vyumba ambavyo hukaa vitupu katikati ya wiki. Viwekwe mikeka, watoto wakasomee humo.

Tano, serikali. Madiwani waulize fungu la vitabu vya hadithi liko wapi kwenye bajeti ya halmashauri, na wasikubali kujibiwa kwa vitabu vya kiada. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inatafuta waandishi bora, na hilo ni jema. Lakini kazi zinazoshinda zimfikie mtoto wa kijijini, zisiishie ukumbini. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyefungua Maktaba Kuu Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Aliona inastahili siku hiyo. Mikoa na wilaya zijipime hapo.

Atakayesema haiwezekani atazame majirani. Kaskazini mashariki mwa Kenya, tangu 1996, ngamia wamekuwa wakibeba masanduku ya vitabu jangwani, kutoka Garissa kwenda kwa watoto wa wafugaji. Jijini Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, raia tu, waliona maktaba kongwe ya McMillan na zile za Kaloleni na Makadara zinakufa. Mwaka 2017 wakaanzisha Book Bunk, wakaingia mkataba na kaunti, wakaanza kuzifufua. Hawakungoja mwezi mwandamo.

Sisi tunangoja nini? Tunangoja mfadhili mwingine alete katoni nyingine, tupige picha nyingine, tutie kufuli jingine? Mfadhili atatuletea vitabu. Hatatuletea aibu ya kuvifungia. Hiyo lazima itoke kwetu. Mwalimu mkuu anayesoma hapa, ufunguo uko mfukoni mwako. Mzazi, mlango wa shule huo hapo. Mwenyekiti wa mtaa, kipaza sauti unacho, na umekitumia kutangaza mengi yenye faida ndogo kuliko hili.

Jumamosi hii watu wakutane mbele ya shule yao. Wasiende kuandamana, waende kufungua. Vitabu vipanguswe vumbi, vihesabiwe, viandikwe kwenye daftari, na kabla ya saa sita kila mtoto aliyekuja aondoke na kimoja. Jumatatu kirudi, achukue kingine. Wenye vitabu nyumbani vya watoto waliokwisha kukua wavilete. Wenye nauli wapeleke vijijini kwao mwezi wa Desemba, pamoja na sukari na khanga.

Na atakayetuambia tusubiri bajeti ya mwaka ujao, mjibuni hivi: mtoto wa darasa la pili hasubiri. Mwaka ujao atakuwa la tatu.