Emerson Hakukimbia

Wasomaji mmekwisha kusikia mashtaka dhidi ya Ralph Waldo Emerson, mwanafalsafa na mshairi wa Concord, Massachusetts: mbinafsi, mtoro, mwoga. Tuyapime moja baada ya jingine.

Shtaka la kwanza: insha yake ya mwaka 1841 kuhusu kujitegemea inafundisha uchoyo. Ni kweli, humo anakana kwamba kila maskini ni jukumu lake. Kauli hiyo ni kali, wala sitaipamba. Lakini anachokataa ni kutoa kwa kuogopa macho ya watu. Mwaka 1845 rafiki yake, mwandishi Henry David Thoreau, alijenga kibanda kando ya ziwa Walden katika ardhi ya Emerson, na rafiki mwingine, mwalimu Bronson Alcott, aliposhindwa kulisha familia, Emerson alimsaidia kwa fedha. Uchoyo wa namna gani huo?

La pili: kupenda maumbile ni kuwakimbia watu. Ajabu ni kwamba washtaki hao hao humcheka kwa kupenda majukwaa. Wachague moja. Mwaka 1833, katika makumbusho ya viumbe jijini Paris, alisimama mbele ya ndege waliokaushwa na makombe ya baharini yaliyopangwa kwa jamii zao. Aliporudi Boston alianza kuhutubia umma kuhusu sayansi ya viumbe. Mtoro harudi na somo.

La tatu: ujasiri wake uliishia kwenye karatasi. Mwaka 1832 aliacha uchungaji, na mshahara wake, kwa kuwa dhamiri ilimkataza kuongoza Meza ya Bwana. Mwaka 1838 alimwandikia Rais Van Buren kupinga Wacherokee kuhamishwa kwa nguvu. Mwaka huo huo, hotuba yake kwa wahitimu wa theolojia Harvard ilimfungia milango ya chuo hicho kwa karibu miaka 30. Januari 1861, Boston, alizomewa katika mkutano wa kupinga utumwa hadi asisikike. Karatasi haizomewi.

La nne ndilo zito: alichelewa. Hotuba yake kubwa ya kwanza dhidi ya utumwa ni ya Agosti 1844, na kitabu chake cha 1856 kuhusu Waingereza bado kinapanga watu kwa mbari. Nakubali yote. Lakini, enyi washtaki, mnamhukumu kwa kipimo gani? Kwamba mtu asisubiri umati ndipo atende haki. Kipimo hicho ndicho alichokifundisha yeye. Hamwezi kukitupa na papo hapo kukitumia.

Kwa kuchelewa, ana hatia. Kwa woga, hana. Na fundisho lenyewe la kujitegemea, washtaki hawajaligusa.