Kubahatisha si kujitegemea
Zipo shule na zahanati vijijini zinazopata mwanga kwa nguvu za jua, umeme wake ukihifadhiwa katika betri za volti 12. Betri mbili zikiungwa kwa mfululizo, chanya ya moja na hasi ya nyingine, hutoa volti 24. Zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki 12, ila taa zilezile huwaka muda mrefu zaidi. Anayechanganya njia hizi aweza kuunguza mitambo iliyonunuliwa kwa jasho la wananchi. Betri ziwe za aina moja na umri mmoja, fyuzi iwepo, na volti zipimwe kabla ya kuwasha. Somo hili hufundishwa darasani. Ni wajibu wa mwalimu kulitoa ubaoni na kulifikisha penye betri.