Mimi Ni Nani Alinipima?

Juzi nilimsaidia jirani yangu hapa Malili kujaza fomu ya uraia. Alizaliwa Kongo, na ukaaji wa kudumu anao. Wasee, sheria ya 2011 haichezi: ukae Kenya kihalali miaka 7, uongee Kiswahili au lugha ya hapa, na uonyeshe umechangia au unaweza kuchangia maendeleo ya nchi. Jamaa ni fundi seremala, ameandika vijana wawili kazi, na Kikamba chake kinanishinda mimi Mkamba.

Mimi niliacha chuo. Kitambulisho nilipewa juu wazazi wangu ni Wakenya, basi. Hakuna aliyeniuliza nimechangia nini.

Kwa hivyo kabla uulize “kwani huyu ni wa wapi?”, jiulize kwanza: huo mtihani wewe ungepita?