Bei ya Chupa Si Gharama ya Msimu

Anayedai kuwa viuatilifu vya kibayolojia ni anasa kwa mkulima mdogo amelinganisha bei zake za dukani na za sumu za kemikali, akaishia hapo. Hesabu ya shamba haiishii dukani.

Tutazame nyanya. Kiwavi wa kantangaze huchimba ndani ya jani na tunda, ambako dawa haimfikii kirahisi. Mkulima hurudia kupuliza sumu ya kemikali. Mdudu anakuwa sugu, na wadudu rafiki waliokuwa wakimla bure wanakufa. Kila raundi ina dawa, maji na kibarua. Kisha kuna siku za kusubiri baada ya kupuliza: nyanya zimeiva, bei sokoni ni nzuri, nawe huruhusiwi kuchuma. Viuatilifu vya kibayolojia vyenye bakteria wa Bt kwa kawaida havikufungi muda mrefu hivyo.

Ni kweli, Bt hutaka umakini: ipulizwe jioni, maana jua huiharibu, na viwavi wakiwa wachanga. Hiyo ni kazi ya maafisa ugani kufundisha, wala si sababu ya kumwambia mkulima aachane nayo.

Kinachotakiwa ni pakiti ndogo za dawa hizi, usajili wa haraka na mafunzo shambani. Kumwambia maskini aendelee kununua sumu isiyoua tena ni kumzidishia umaskini.