Bao, Tetris na Mlango Uliofungwa: Maoni kuhusu Michezo ya Kompyuta katika Nchi Zilizojifungia

Makala haya yanakusudia kugusa jambo ambalo idara zetu za Kiswahili zimewaachia wahandisi, nalo ni michezo ya kompyuta. Kwa mazoea michezo hiyo huhesabiwa kuwa ni mambo ya watoto na wasio na kazi. Sisi tunaona kwamba mchezo ni matini kama matini nyingine: una kanuni, una mtazamo juu ya ulimwengu, na huzaliwa chini ya dola fulani. Hoja yetu ni kwamba dola iliyojifungia haiui mchezo kwa kudhibiti maudhui tu. Huuua zaidi kwa kumnyima raia chombo, pamoja na saa ya kukichezea bila kuulizwa anafanya nini.

Hoja hii haikutujia maktabani. Ilitujia Matongo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Chini ya mti wazee wawili walikuwa wakicheza bao. Hatua chache kutoka hapo, katika kibanda chenye runinga, vijana walikuwa wakishindana mpira wa kwenye skrini. Walitaniana kwa Kikuria na Kiswahili, lakini kila neno lililoandikwa kwenye skrini lilikuwa la Kiingereza. Tulimwuliza kijana mmoja iwapo bao nalo lingeweza kuwekwa humo. Akacheka, akajibu: "Mwalimu, hilo ni la wazee." Jibu hilo lina historia yake.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1984, katika Kituo cha Kompyuta cha Akademia ya Sayansi mjini Moscow, Alexey Pajitnov alitunga mchezo aliouita Tetris. Mashine yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha. Hivyo vipande vya mchezo vilitengenezwa kwa alama za maandishi. Baadaye kijana wa miaka 16, Vadim Gerasimov, alisaidia kuuhamishia kwenye kompyuta za aina ya IBM, nao ukasambaa kutoka mkono hadi mkono. Haki za kuuza nje zilishikwa na shirika la dola, Elorg, na Pajitnov hakuanza kupata mrabaha hadi mwaka 1996. Yaani dola ilimnyang'anya matunda, lakini haikuweza kumzuia asipande, kwa sababu mashine ilikuwa mezani pake na hakuna aliyemsimamia kila dakika. Tena mchezo wenyewe hauna neno hata moja. Mkaguzi angekagua nini?

Ujerumani Mashariki nayo, katikati ya miaka ya 1980, ilitengeneza mashine ya Poly-Play katika kiwanda cha umma mjini Karl-Marx-Stadt, ambao leo ni Chemnitz. Mojawapo ya michezo yake ni wa sungura anayekimbizwa na mbwamwitu, wahusika wa katuni ya Kisovieti. Umbo la mchezo liliazimwa kutoka nje, wahusika wakatoka ndani ya kambi. (Msomaji wa hadithi zetu za sungura hatahitaji maelezo kuhusu anayependelewa.)

Korea Kaskazini ni habari nyingine. Kampuni ya Nosotek, iliyoanzishwa Pyongyang mwaka 2007 kwa ubia na Wajerumani, ilitengeneza michezo ya simu kwa ajili ya soko la Ulaya. Mwaka 2012 ilitoa Pyongyang Racer, mchezo wa kuendesha gari mjini Pyongyang, uliotengenezwa kwa ajili ya wakala wa safari za watalii. Barabara zake karibu zote ni tupu. Mtunzi hakukusudia kejeli, lakini mchezaji haioni pengine popote ila hapo. Ubia wa namna hiyo ulikatazwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Mfano huu unapunguza makali ya hoja yetu, nasi tunalikiri hilo: watunzi wa Pyongyang walikuwa na chombo, tena walikuwa hodari, ilhali walichokitunga hakikuwa chao wala cha watoto wao. Chombo peke yake hakitoshi. Lazima pia mtu awe na ruhusa ya kumchezea jirani yake.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali. Seti za televisheni nazo zilikatazwa Bara, wakati Zanzibar ilikuwa na televisheni yake ya rangi tangu miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1970. Haitakuwa haki kuiweka Tanzania ya wakati huo katika kapu moja na Korea. Ilikuwa nchi ya chama kimoja, ndiyo, lakini ilikuwa pia makao ya wapigania uhuru kutoka kusini mwa Afrika, na chuo chake kikuu kilijaa wageni na mabishano. Marufuku nayo ilikuwa na sababu: fedha za kigeni zilikuwa haba baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, na Wizara ya Fedha ilikuwa na uzoefu mchungu wa mitambo ya kuwekea hesabu. Mtu angeweza kusema, na wengi walisema, kwamba mkulima anahitaji jembe kabla ya kompyuta. Hatubishani naye. Tunachosema ni kwamba masharti hayo, yaliyokuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980, yaliifanya kompyuta kuwa kifaa cha ofisi yenye kibali, na mwenye kibali hachezi. Televisheni ya Bara ilisubiri hadi mwaka 1994.

Jambo linalotushangaza hadi leo ni hili. Kiongozi wa serikali hiyo, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alijulikana kwa kupenda bao. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni programu iliyokwisha kuandikwa isipokuwa haijapata mashine. Mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Awamu ya namua hufuatwa na ya mtaji. Asiyeweza kula hutakata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mzunguko huendelea. Ikiangukia shimo tupu, hulala. Mtunzi wa programu atatambua hapo masharti, marudio na ukomo, na majina yake yote ni ya Kiswahili fasaha. Sisi, tuliokesha tukibishana iwapo mashine iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, hatukuliona hilo.

Walioliona walikuwa Uholanzi. Alexander de Voogt alichapisha mwaka 1995, huko Leiden, utafiti wake kuhusu umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika kuhusu kulitungia bao programu. Baadaye ilionyeshwa hata kwamba upo mpangilio wa kete ambao mzunguko wake haulali kamwe. Hatuwalaumu watafiti hao. Walifanya kazi njema na kwa heshima. Tunajilaumu wenyewe, kwa kuwa mabingwa walikuwa kwetu, istilahi zilikuwa kwetu, na mlango uliofungwa mwaka 1974 ulikwisha kufunguliwa zamani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wa uzamili wa isimu na fasihi waruhusiwe kuandika tasnifu kuhusu kanuni na lugha ya bao, wakishirikiana na wenzao wa sayansi ya kompyuta, na kwamba tasnifu hiyo ikubaliwe hata kama nusu yake ni programu inayochezeka. Wapo watakaouliza fasihi iko wapi hapo. Na waulize, tutawajibu kwa kuwaketisha mbele ya ubao.

Tulipoondoka Matongo, kijana yule alikuwa amesimama nyuma ya wazee, akiangalia. Mmoja wao alimwambia asogee, kivuli chake kilikuwa kimefunika nyumba.