Mabati ya kogo na ofisi ya New Jersey

Wasee, wiki jana kogo alizidiwa usiku huko kwetu Bomet. Ndani ya nyumba simu inaandika "simu za dharura tu". Nikatoka na mvua ile yetu, nikasimama kando ya chai, hatua sita tu kutoka mlangoni. Baa tatu! Boda akaja, na sasa kogo yuko sawa. Lakini mimi bado sijatulia.

Hapa kila mtu husema mlingoti uko mbali. Saa zingine ni kweli. Lakini kama nje netwaki iko na ndani haiko, shida ni nyumba. Bati ni chuma, na chuma hurudisha mawimbi ya redio vile kioo hurudisha mwanga. Paa bati, ukuta bati, basi mawimbi yanabaki kupenya dirishani na mlangoni. Yakishaingia yanadunda huku na huku, na simu inapata nakala kibao za ujumbe mmoja, kila moja imechelewa kivyake.

Hii kitu ilishapimwa kitambo. Mwaka wa 1987, Adel Saleh na Reinaldo Valenzuela wa AT&T Bell Laboratories walichapisha modeli yao baada ya kutuma mipigo ya redio ya nanosekunde 10 ndani ya ofisi ya orofa mbili huko New Jersey. Kwa muda huo wimbi husafiri mita 3 hivi, ndiyo maana waliweza kutenganisha mwangwi mmoja na mwingine. Wakagundua mwangwi hauji ovyo: huja kwa makundi, na kila kundi linafifia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliisha. Haya nimeyasoma kwa simu, usiku, bando ikiwa rahisi. Na maoni yangu ni haya: modeli ni safi, lakini nambari zake ni za ile ofisi. Ni kama fundi wa nguo. Hakukosea, ila alipima mwili wa mtu mwingine. Nani amepima nyumba ya mabati na udongo uliolowa mvua ya Kericho? Chuo Kikuu cha Kabianga kiko hapa hapa. Wanafunzi, hiyo ni projekti tayari!

Sisi wengine tuanze kidogo. Simu nyingi zinaonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, ingia kwa mipangilio. -80 ni poa, -115 ni taabu. Haitakuonyesha mwangwi, lakini itakuonyesha kona iliyokufa. Na ukijenga, weka bati moja au mbili za plastiki zile za kuingiza mwanga. Zinapitisha mawimbi pia.

Kogo asitegemee mjukuu wa kukimbia mvuani. Kwenu je, mgonjwa akizidiwa usiku, mnasimama wapi ndiyo simu ishike?